Ushauri: plagini ya VDR inagandisha menyu na rimoti kila rekodi inapoisha, nifanyeje?

KodiNyepesi (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wanaoandika plagini za VDR, ile programu ya Linux ya kurekodi matangazo ya televisheni iliyoanzishwa na Klaus Schmidinger.

Nataka plagini ya kazi moja tu. Rekodi ikiisha, folda yake inakiliwe kwenda diski ya pili, na nikiuliza kupitia SVDRP (njia ya kuitumia VDR amri za maandishi kwa mtandao) nijibiwe imefikia asilimia ngapi. Kiunzi kimetolewa na skripti ya `newplugin`, plagini nimeiita "nakili". Nimerithi `cStatus` (klasi ya VDR inayopokea taarifa za matukio) na kazi yote nimeiweka ndani ya `Recording()`:

```
void cNakiliStatus::Recording(const cDevice *Device,
     const char *Name, const char *FileName, bool On)
{
  if (!On) {
     NakiliFolda(FileName, lengo);
     isyslog("nakili: %s imekamilika", Name);
     }
}
```

Inakompaili bila onyo, inapakiwa vizuri kwa `-P nakili`. Yanayotokea ni haya:

Rekodi ya dakika tano ikiisha, rimoti na menyu vinaganda sekunde kadhaa halafu vinarudi. Cha ajabu, picha ya chaneli inaendelea kama kawaida. Rekodi ya saa mbili ikiisha, vinaganda mpaka VDR inajizima na kuwaka upya, na kwenye logi nakuta `PANIC: watchdog timer expired - exiting!`. Zile fupi zinazofanikiwa, logi inaandika "(null) imekamilika" badala ya jina la kipindi.

VDR ni 2.6, inaendeshwa kwa `-w 60`. Je, niongeze hiyo 60 iwe 600, au muundo wenyewe ndio una kasoro?

---

FundiWaNyuzi

Mkuu, `-w` usiiguse. Imefanya kazi yake sawasawa: mzunguko mkuu wa VDR umekaa sekunde 60 bila kuzunguka, ikaamua programu imekwama. Ukiweka 600 utakuwa umejinunulia dakika kumi za rimoti iliyokufa, na ndani ya dakika hizo hakuna taima itakayoanza kurekodi, kwa sababu taima hukaguliwa kwenye mzunguko huohuo. Tena PANIC ikitokea, rekodi nyingine yoyote inayoendelea inakatwa katikati.

Sababu ni kwamba `cStatus::Recording()` huitwa kutoka uzi mkuu (main thread), ndio unaoendesha mzunguko huo. Picha inaendelea kwa kuwa kuonyesha na kurekodi vina nyuzi zao, lakini rimoti, menyu na taima vyote vinasubiri `NakiliFolda()` irudi. Sheria hiyohiyo inashika `MainThreadHook()` na `MainMenuAction()`: ingia, fanya jambo dogo, toka.

Kuhusu "(null)": kwenye mwito wa kusimamisha, yaani `On` ikiwa false, VDR hupitisha `Name` ikiwa NULL. Ni kawaida yake, wala si hitilafu. Kwa sasa glibc (maktaba ya C ya Linux) inakusitiri kwa kuandika "(null)". Siku utakayoandika `std::string jina(Name)` mahali hapo, VDR nzima itaanguka. Tumia `FileName`, ambayo ni njia kamili ya folda inayoishia na `.rec`. Na uinakili papo hapo kwenye `std::string` au `cString`, maana pointa hiyo ni mali ya kitu kinachofutwa muda mfupi baadaye.

---

Zamu_ya_Usiku

Kabla hujaandika mstari mwingine: unahitaji plagini kweli? VDR ina chaguo la `-r`. Unaipa skripti, nayo inaitwa ikiwa na neno la tukio (`before`, `started`, `after`, `edited`, `deleted`) likifuatiwa na folda ya rekodi. Ukikuta `after`, rusha `rsync` nyuma kwa `&` na utoke. Hiyo `&` ni ya lazima, kwa sababu VDR husubiri skripti irudi, na ukiisahau utaganda vilevile unavyoganda sasa.

---

KodiNyepesi

Asante mkuu. Skripti ingetosha kama ningetaka kunakili tu. Nataka pia asilimia kwa SVDRP, na mtu akibonyeza kuzima mashine wakati kazi inaendelea, aonywe kwanza. Hapo naona plagini haikwepeki. Sasa huo uzi wa pembeni niuanzishe wapi na niusimamishe vipi?

---

FundiWaNyuzi

Basi plagini ni sahihi. Rithi `cThread` (klasi ya VDR ya nyuzi), weka foleni inayolindwa na mutex (kufuli inayoruhusu uzi mmoja kwa wakati), na `Recording()` ibaki na kazi ya kuongeza jina la folda kwenye foleni tu.

```
class cNakiliUzi : public cThread {
private:
  cMutex mutex;
  cCondWait subiri;
  std::deque<std::string> foleni;
  void Nakili(const std::string &Folda);
protected:
  virtual void Action(void) override;
public:
  cNakiliUzi(void): cThread("nakili", true) {}
  void Ongeza(const char *Folda) {
    { cMutexLock l(&mutex); foleni.push_back(Folda); }
    subiri.Signal();
    }
  void Simama(void) { Cancel(-1); subiri.Signal(); Cancel(5); }
  };

void cNakiliUzi::Action(void)
{
  while (Running()) {
    std::string folda;
    {
      cMutexLock l(&mutex);
      if (!foleni.empty()) {
         folda = foleni.front();
         foleni.pop_front();
         }
    }
    if (folda.empty())
       subiri.Wait(1000);
    else
       Nakili(folda); // mutex imeshaachiwa hapa
    }
}
```

Ile `true` kwenye kijenzi inaupa uzi kipaumbele cha chini, cha kichakato na cha diski pia. Usiiache. Bila hiyo, kunakili kutagombania diski na rekodi inayoandikwa wakati huohuo, na utakuja kuona mikwaruzo kwenye picha uliyorekodi.

Sasa `Cancel()`, mahali ambapo plagini nyingi zinaharibikia. `Cancel(-1)` inashusha bendera ya `Running()` basi, haisubiri. `Cancel(5)` inasubiri hadi sekunde tano, uzi usipotoka unauawa kwa `pthread_cancel`. `Cancel()` tupu inaua hapohapo bila kusubiri. Uzi ukiuawa huku ameshika mutex, mutex hiyo inaweza kubaki imefungwa, na VDR itakwama inapojaribu kuzima. Ndiyo maana ndani ya `Nakili()` unasoma vipande vya megabaiti moja, na baada ya kila kipande unaangalia `Running()`. Kwa namna hiyo sekunde tano zinatosha sana.

Mahali pa kuanzishia uzi ni `Start()` ya plagini. Kwenye kijenzi cha plagini usifanye lolote zaidi ya kupanga thamani za mwanzo, kwa sababu VDR huunda kitu cha plagini hata mtu anapoandika `vdr --help`. Ndani ya `Stop()` fuata mpangilio huu: futa kwanza kitu cha `cStatus` ili matukio mapya yasiingie, kisha `uzi->Simama()`, mwisho futa uzi. Ukigeuza, rekodi inayofungwa wakati wa kuzima itaita `Ongeza()` kwenye uzi ambao haupo tena.

---

BintiMsimbo

Naongezea upande wa kufuli, kwa kuwa ukishakuwa na uzi wa pili hutalikwepa.

Tangu toleo la 2.3.1 orodha za VDR zinafikiwa kwa makro: `LOCK_TIMERS_READ`, `LOCK_CHANNELS_READ`, `LOCK_RECORDINGS_READ`, `LOCK_SCHEDULES_READ`, na za `WRITE`. Ukihitaji zaidi ya moja kwa pamoja, lazima uzichukue kwa mfuatano huohuo: Timers, Channels, Recordings, Schedules. Ukichukua Recordings halafu Timers, plagini inaweza kufanya kazi vizuri kwa muda mrefu, kisha siku moja nyuzi mbili zikasubiriana milele. Kompaili VDR yako ya majaribio ukiwa umewasha `DEBUG_LOCKSEQ` kwenye `thread.c`, ukikosea mfuatano itakutolea ripoti ya nani alishika nini na wapi.

Zingatia pia kwamba `Recording()` inapoitwa, uzi mkuu huwa tayari ameshika kufuli ya Timers kwa kuandika. Kwa hiyo ndani yake usisubiri uzi mwingine wowote unaoweza kutaka Timers. Ndiyo maana napenda mutex ya foleni hapo juu: inashikwa kwa mistari miwili tu.

Ukitaka kichwa cha kipindi cha kuandika kwenye logi, fanya hivi ndani ya uzi wako:

```
std::string kichwa;
{
  LOCK_RECORDINGS_READ;
  if (const cRecording *r = Recordings->GetByName(folda.c_str()))
     kichwa = r->Name();
}
```

Yale mabano ya nje si urembo, yanaachia kufuli. Ukianza kunakili ukiwa bado ndani yake, menyu ya rekodi inaweza kuganda na utakuwa umerudi ulikotoka.

Jambo jingine: andika `override` kila mahali unaporithi. Sahihi ya fanksheni ikibadilika kwenye toleo jipya, bila `override` kodi inakompaili kimya na fanksheni yako haiitwi kamwe.

---

Zamu_ya_Usiku

Mimi nahofia zaidi unakilishaji wenyewe. Folda ya rekodi ina `00001.ts`, `00002.ts` na kuendelea (faili hukatwa kila megabaiti 2000 kama hujabadilisha mipangilio), pamoja na `index`, `info`, na `marks` ikiwa kuna alama za kukata. Usiandike msimbo unaodhani kuna `00001.ts` peke yake.

Diski ya pili ikiwa nayo ni sehemu ya folda ya video, usinakili moja kwa moja ndani ya jina linaloishia `.rec`. VDR itaiona rekodi nusu na kuiorodhesha. Nakili kwenye jina la muda, mfano `.sehemu`, ukimaliza fanya `rename()`, kisha gusa faili la `.update` kwenye mzizi wa folda ya video ili VDR isome orodha upya. Jina la muda liwe kwenye mfumo wa faili uleule wa lengo, la sivyo `rename()` itakataa na kosa la EXDEV.

Mtumiaji anaweza kufuta rekodi wakati unanakili. VDR haifuti hapohapo, inabadilisha `.rec` kuwa `.del` na kuondoa faili baadaye. Faili uliloshalifungua litaendelea kusomeka, ila la kufuata utapata ENOENT (faili halipo). Hilo lichukulie kama amri ya kuacha: futa ulichonakili, endelea na kazi inayofuata kwenye foleni.

Kusoma na kuandika tumia `cUnbufferedFile` ya VDR yenyewe badala ya `read()` kavu. Inaiambia keneli isijaze kache ya kumbukumbu na data usiyoirudia. Gigabaiti kadhaa zikipita kwenye kache, kila kitu kingine kwenye mashine kinapungua kasi.

Na ukitaka kuhakiki nakala haraka bila kusoma video yote, linganisha kwanza ukubwa wa kila faili, kisha tazama `index`. Kila fremu inachukua baiti 8. Kwa fremu 25 kwa sekunde ni baiti 200 kwa sekunde, yaani 720,000 kwa saa. Rekodi ya saa moja yenye `index` ya baiti 400,000 ilikatika tangu ilipokuwa inarekodiwa, na hapo kosa si la plagini yako.

---

BintiMsimbo

Asilimia kwa SVDRP ni rahisi, ila matoleo ya sasa yanahudumia SVDRP kwenye uzi wake, kwa hiyo `SVDRPCommand()` inasoma hesabu wakati uzi wa kunakili unaiandika. Weka `std::atomic<int> asilimia`. Hesabu yenyewe ifanye kwa `int64_t`: ukizidisha baiti kwa 100 ndani ya `int`, inafurika ukipita takribani megabaiti 21 na unaanza kujibiwa asilimia hasi.

Amri usiyoitambua, rudisha NULL. Inayotambulika, rudisha `cString` na uache `ReplyCode` ilivyo. Ni 900 tayari. Orodha ya `SVDRPHelpPages()` lazima imalizie na NULL. Kisha jaribu:

```
svdrpsend PLUG nakili HALI
```

Onyo la kuzima ni `Active()`. Rudisha maandishi kama foleni ina kazi, NULL kama haina, na VDR yenyewe itamuuliza mtumiaji kama azime au asubiri.

---

KodiNyepesi

Wakuu, nimebadilisha kama mlivyoelekeza. Rekodi ya saa mbili imenakiliwa yote huku menyu inaitika papo hapo, na PLUG inajibu asilimia sahihi. Limebaki moja. Nimesasisha VDR, sasa inagoma kuwaka: `libvdr-nakili.so...: cannot open shared object file`. Faili lipo kwenye folda ya plagini, nimeliona kwa macho.

---

FundiWaNyuzi

Tazama mwisho wa jina la faili. VDR hutafuta `libvdr-nakili.so.` ikifuatiwa na namba ya API (toleo la kiolesura kati ya VDR na plagini), nayo imebadilika. Linganisha na:

```
pkg-config --variable=apiversion vdr
```

Usibadilishe jina la faili kwa mkono wala kuweka kiungo. Namba hubadilishwa pale muundo wa klasi unapobadilika, hivyo plagini ya zamani ikipakiwa kwa nguvu itasoma kumbukumbu mahali pasipo. Fanya `make clean`, `make`, `make install` dhidi ya faili za kichwa za toleo jipya. `make clean` usiiruke, vinginevyo faili za `.o` za zamani zinaweza kuingia kwenye maktaba mpya. Ukitaka kodi moja ikubali matoleo mawili, zungushia sehemu zinazotofautiana na `#if APIVERSNUM`.

Majaribio yanayofuata yafanye kwenye VDR ya pembeni: `-c` na `-v` zielekee folda tofauti, `-L` ielekee ulipokompaili, na `-p 6420` isigongane na poti ya kawaida 6419.