Mnyororo wa chakula: mshale unaelekea wapi?

Mama Neema, Chamwino
Habari za jioni, ndugu zangu. Mwanangu wa darasa la tano karudi na daftari, kakoseshwa. Aliandika: mwewe → kwelea → mtama. Mimi nikaona yuko sawa, maana mwewe ndiye anayemfuata kwelea. Kosa liko wapi? Na mtandao wa chakula unatofautianaje na mnyororo?

Mzee wa Dungu, Kongwa
Mama Neema, mshale haumfuati mwindaji, unafuata chakula. Unatoka kwa anayeliwa, unaingia tumboni kwa anayekula. Mwambie ausome "huliwa na": mtama huliwa na kwelea, kwelea huliwa na mwewe. Mtama unatangulia kwa kuwa ndio mzalishaji, unajitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Kwelea ni mlaji wa kwanza, mwewe wa pili.

Nimeamia ndege tangu utotoni, alfajiri niko dunguni na kombeo. Punje ikiwa bado laini, ukiibinya inatoa maziwa, ndipo wanaposhuka. Kwelea ana gramu 20 hivi, na kwa siku anaweza kula gramu 10 za nafaka. Mbona hanenepi? Nyingi inateketea kwa kuruka na kutunza joto la mwili. Kinachobaki kwa ajili ya mwewe hukadiriwa kuwa sehemu 1 kati ya 10. Ndiyo maana nyuma ya wingu zima la kwelea unaona mwewe wawili watatu tu.

Mwalimu wa Sayansi
Mzee kamaliza. Kuhusu mtandao: kinda la kwelea hulishwa wadudu siku za mwanzo. Panzi kala nyasi, kinda kala panzi, basi hapo kwelea ni mlaji wa pili. Mwewe naye anakula panya. Mnyororo ni njia moja, mtandao ni njia zote zinapokutana.

Mama Neema
Ahsanteni sana, nimeelewa. Na ile ndege ya kunyunyizia kwelea sumu?

Mzee wa Dungu, Kongwa
Sumu hupita njia ya mshale uleule. Kuna mwaka, baada ya kunyunyizia, nilimkuta mwewe chini ya mbuyu, amekufa, hana jeraha, unyoya wa kwelea umenasa mdomoni. Watoto wa huku wanapenda kwelea wa kukaanga. Siku za kunyunyizia nawakataza wasiokote hata mmoja.