Kwenda kuona Jukwaa Kuu la Mežaparks, Riga: tujipangeje?

Mwalimu_Uyole: Wakubwa, shikamooni. Walimu wa kwaya watatu wa Mbeya tunataka kwenda Latvia kuona lile jukwaa la wazi la Mežaparks. Twende mwaka gani, na tukaangalie nini hasa? Shida yetu ni kwaya nyingi zikiungana uwanja wa Sokoine: sauti ya nne (besi), iliyoko nyuma, daima inaburuta.

Besi_Tukuyu: Mwalimu, marahaba. Tamasha kuu la nyimbo na ngoma hufanyika kila baada ya miaka mitano. La 2023 liliadhimisha miaka 150 tangu lile la kwanza la 1873, kwa hiyo lengeni 2028, kiangazi. Miaka mingine mingi mtaona jengo, ila si ule umati wa waimbaji, nao ndio wa kufuata. Jukwaa ni la 1955. Lililopo sasa lilichorwa upya na wasanifu majengo Austris Mailītis na Juris Poga. Ngazi za waimbaji zinapanda kama mlima.

Kuhusu kuburuta: sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Aliye mita 50 nyuma anawasikia wa mbele wakiwa wamechelewa sehemu ya saba ya sekunde. Akiwafuata kwa sikio, sauti yake nayo inatumia muda uleule kurudi mbele, na msikilizaji anapata ucheleweshaji mara mbili. Hapo si uzembe wa besi. Dawa ni jicho. Kule mwongozaji anasimama juu ya mnara unaolitazama jukwaa, kila mtu anauona mkono wake. Sokoine anasimama chini, wa nyuma wanaona visogo tu! Mwinueni, na kila sauti ipangwe kama ukanda kutoka mbele hadi nyuma, msiirundike nyuma yote.

Alto_Njombe: Naongezea, Mwalimu. Tiketi za usiku wa kufunga zikiisha, tafuteni za mazoezi ya jumla. Nayo hukatiwa tiketi. Kaeni katikati, si pembeni. Kutoka mjini kuna tramu ya kwenda Mežaparks, halafu mnatembea kwenye misonobari. Jua huzama baada ya saa nne usiku, na baada ya programu watu huendelea kuimba hadi alfajiri, kwa hiyo pangeni mapema usafiri wa kurudi. Bebeni sweta kama mnakwenda Makambako, na koti la mvua. Mwavuli unamziba aliye nyuma.

Viza ni ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya: ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, mwisho siku 15. Bima iwe ya angalau euro 30,000, na pasipoti iwe hai miezi 3 baada ya kuondoka huko. Msilipie ndege kabla viza haijatoka.

Mwalimu_Uyole: Asanteni sana. Pale Sokoine, mwongozaji tumwinue kiasi gani?

Besi_Tukuyu: Msipime kwa futi. Mtu mfupi kuliko wote asimame mstari wa mwisho. Mwongozaji apande mpaka huyo auone mkono wake ukiwa chini kabisa, usawa wa kiuno. Mkono wa juu kila mtu anauona, ila pigo la kwanza linaangukia chini.