Wanaimba namba mpaka ishirini, lakini "niletee vizibo vitano" inawashinda

Mwl_Awali: Walimu wenzangu, naomba msaada. Darasa la awali, watoto 48, wengi wana miaka mitano. Kuimba wanaimba vizuri sana, ila ukimwambia mtoto alete vizibo vitano anakuja na kiganja kimejaa. Nina gunia la vizibo na trei za mayai. Nianzie wapi, na vizibo vingapi vinatosha?

BiZana: Anza na trei, mwalimu. Trei ya mayai 30 ina mashimo matano kwa sita. Ikate vipande vitatu vya mashimo 10, mistari miwili ya matano matano. Ukiwapanga wawili wawili unahitaji vipande 24, yaani trei 8, na vizibo 240. Weka 20 vya akiba, vitapotea tu.

Siku za mwanzo usivuke tatu. Kizibo kimoja, shimo moja, neno moja. Kinachowaharibia ni mdomo kuutangulia mkono: wimbo una mwendo wake, kwa hiyo mtoto anataja "tatu, nne" angali ameshika kimoja. Shimo linampunguza mwendo.

Akimaliza, uliza "Vipo vingapi?" Akianza kuhesabu upya, bado hajajua kuwa neno la mwisho ndilo idadi. Funika kwa mkono, uliza tena. Kisha vitoe na uvitawanye mkekani. Yupo atakayesema vimeongezeka kwa kuwa vimechukua nafasi kubwa. Usimkaripie, mwache avirudishe mashimoni aone mwenyewe.

Kijungu: Nakazia usalama. Vizibo vya bati vina meno yanayokata, tafuta vya plastiki vya chupa za maji. Trei ya karatasi haioshwi, hivyo yenye kinyesi cha kuku au ute wa yai itupe. Watoto wa chini ya miaka mitatu wasipewe kabisa, kizibo kinaweza kukwama kooni. Maharage nayo yakiingia puani hufura. Na tafadhali sana, msitumie mbarika, mbono wala zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi: zina sumu.

Mwl_Awali: Asanteni. Lakini wakishapewa vizibo wanajenga magari, hawasikii tena.

BiZana: Wape dakika 10 za kuchezea kwanza, kila siku wiki nzima. Mtoto ambaye hajakichezea kitu hawezi kukihesabu kwa utulivu.

Ukifika juu ya kumi, lugha yetu inakusaidia: "kumi na tatu" ni kipande kilichojaa na vizibo vitatu pembeni, mtoto anasikia kile anachokiona. Msaada huo unakatika kwenye ishirini, maana ndani ya neno hilo hakuna "mbili" wala "kumi". Hapo weka vipande viwili vilivyojaa, mseme "kumi mbili, ishirini" kwa siku kadhaa. Thelathini na arobaini zingoje.