Naomba ushauri: kumpeleka mtoto Sachsenhausen

Habari zenu ndugu zangu. Naishi Berlin, na mwezi ujao dada yangu anakuja kutoka Dar es Salaam na mwanawe wa miaka 13. Natamani twende Oranienburg, mji ulio karibu na Berlin, kwenye iliyokuwa kambi ya mateso ya Wanazi ya Sachsenhausen. Humo ndimo alimofia Bayume Mohamed Husen mwaka 1944, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyewahi kufundisha Kiswahili hapa Berlin. Kwangu mimi ni kama kuzuru kaburi la mtu wa nyumbani. Dada anaona ni kumtia mtoto hofu bure. Nimemweleza mara mbili kwa simu, hajaridhika.

Mliokwisha kwenda na watoto, umri huo unafaa? Na mliwaeleza nini kabla ya kuingia langoni?