Naomba ushauri: njia ya memori ya biti 128 inatosha kwa gemu?

Habari zenu wakuu. Natumia kompyuta mpakato yenye kadi ya picha RTX 3060 yenye memori ya GB 6, na sasa nasubiri toleo lenye RTX 5060 ya GB 8. Kinachonitatiza ni njia ya memori (upana wa njia ya data kati ya chipu ya picha na memori yake): yangu ni biti 192, hiyo mpya 128 tu. Nimepiga hesabu: GDDR7 (aina ya memori ya hiyo mpya) ya Gbps 24, yaani gigabiti 24 kwa sekunde, mara 128, gawanya kwa 8, napata GB 384 kwa sekunde. Yangu ni 336. Kwa hiyo kasi imepanda japo njia imebanwa, na hilo limenipa moyo.

Hofu yangu ni hizo GB 8. Nikicheza kwa ubora wa picha wa 1440p, memori ikijaa picha inakwamakwama, gari la kwenye gemu linaruka barabarani kabisa.

Mliokwisha kuitumia, kasi hiyo inaonekana kwenye gemu? Au nijikaze nifikie RTX 5070 Ti ya GB 12?