Mrejesho: Gari lililokuwa likichemsha Kitonga
Ndugu zangu, wiki tatu zilizopita niliwaeleza kwamba gari langu lilikuwa likichemsha kila nilipopanda Mlima Kitonga, ingawa kwenye tambarare mshale wa joto ulitulia, nikauliza kama nioshe rejeta (kifaa kinachopoza maji ya injini) au ninunue nyingine. Nawashukuru kwa dhati wote mlionijibu.

Nilianza na njia ya gharama ndogo, yaani kupuliza vumbi na wadudu kwenye mapezi (vibati vyembamba vya rejeta vinavyopitisha hewa) na kubadilisha mfuniko wa rejeta ambao mpira wake ulikuwa umekakamaa, lakini hali ilibaki ileile. Fundi alipoifungua rejeta tulikuta mirija mingi imeziba kwa utando mgumu wenye rangi ya kutu, kwa sababu kwa miaka mingi nilikuwa nikijazia maji ya kisima badala ya kulanti (kimiminika maalumu cha kupozea injini). Aidha, pale tangi la plastiki la rejeta linaposhikana na sehemu ya aluminiamu palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na huo ndio uliomaliza mjadala wa kuosha.

Tumefunga rejeta, thermostati (vali inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta injini inapopata joto) na mipira ya maji, vyote vipya, tukajaza kulanti, kisha tukaacha injini iliyopoa iwake mfuniko ukiwa wazi hadi mapovu ya hewa yakaisha. Kwa kuwa gari ni la otomatiki, na oili ya giaboksi hupozwa ndani ya rejeta hiyohiyo, tulirudishia pia kiasi kilichomwagika.

Jumamosi nimepanda Kitonga nyuma ya lori la mizigo, kiyoyozi kikiwaka, na mshale haukuvuka katikati.