Ligi ya mkoa Mbeya: kituo kimoja au nyumbani na ugenini?

Kijana wa Ruanda: Wakuu, habari za majukumu. Ligi ya mkoa ikichezwa kituo kimoja, timu zinakusanywa mjini, vijana wanalala madarasani, mechi zinapigwa karibu kila siku, miguu imechoka kabla bingwa hajapatikana. Mimi nasema zichezwe nyumbani na ugenini. Mtu wa Chunya aione timu yake palepale Chunya, mama muuza ndizi naye apate chochote. Leteni hoja.

Mshika Daftari Rungwe: Nauli atalipa nani, ndugu yangu? Kukodi Kosta kutoka Tukuyu hadi Chunya na kurudi, chakula cha watu ishirini na kitu, posho za waamuzi. Mfadhili wetu anauza parachichi, bei ikishuka hata simu hapokei. Kituo kimoja unajibana mara moja, yameisha. Halafu mashabiki wenyewe wako wapi? Ninyi wa mjini ni jezi za Simba na Yanga tu, ndiyo maana hata timu ya Ihefu mlishindwa kuitunza ikaenda zake Singida.

Mbarali Damu: Nauli nakuachia, ila kwa Ihefu usituguse. Ihefu haikuwa ya mjini, ilikuwa ya Mbarali. Yanga walikuja pale uwanja wetu wa Highland Estates Novemba 2022 na mechi zao 49 bila kufungwa, wakaondoka wamefungwa 2-1. Watu walitoka kwenye majaruba ya mpunga wakaja uwanjani. Timu ilipohamishwa 2024 ikawa Singida Black Stars, nani alituuliza?

Mama Uyole: Siku hiyo nilikuwepo, mdogo wangu. Uwanja ulijaa, kweli, lakini waliovaa njano ya Yanga walikuwa wengi mno. Tuseme ukweli hata kama unauma.

Mbarali Damu: Dada, kwa heshima yako, hao wa njano walipanda magari kutoka huko kwenu Uyole na mjini! Sisi tulikuwa na timu yetu. Mnakuja kutushangilia tukifungwa, halafu mnasema hatuna mashabiki.

Mnyalukolo: Poleni majirani. Sisi wa Iringa, Lipuli yetu ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho 2019, Azam wakatufunga 1-0. Msimu uliofuata tukashuka daraja, uwanja wa Samora ukapoa. Timu ikitegemea mfuko wa mtu mmoja, mwisho wake ni huo.

Mshika Daftari Rungwe: Lipuli ina uhusiano gani na nauli ya Chunya?

Mzee wa Tukuyu: Wanangu, Tukuyu Stars ilichukua ubingwa wa Tanzania vijana wakiwa wa hapahapa. Leo timu ya wilaya inacheza ligi ya mkoa na mamluki sita kutoka Dar, msimu ukiisha hata njia ya Tukuyu hawaikumbuki.

Kijana wa Ruanda: Shikamoo mzee. Ile si ilikuwa 1988?

Mzee wa Tukuyu: Marahaba. Ilikuwa 1986. Ya 1988 ni ya Coastal Union. Usinipunguzie miaka mwanangu, nilikuwa nimesimama pale uwanja wa Sokoine.

Mama Uyole: Mzee, shikamoo. Kwa mamluki nakuunga mkono. Mwanangu amefanya mazoezi na timu ya kata mwaka mzima, ligi ilipoanza akawekwa nje, akaletwa mgeni aliyelipiwa nyumba ya kulala. Kocha anasema anataka matokeo. Matokeo ya nani?

Mshika Daftari Rungwe: Dada, bila hao wageni hatupandi daraja, na tusipopanda mfadhili anaondoka. Mnataka vijana wa nyumbani, mnataka kupanda, na kiingilio hamlipi. Mechi ya mwisho nilikusanya hela isiyotosha hata ya kumlipa mtu wa kupaka chokaa uwanjani.

Mbarali Damu: Kiingilio tulilipa sisi, tena tukiwa ligi kuu, na timu bado iliondoka. Basi hata hiyo ya kwenu ikipanda kwa hela ya parachichi, itakuwa ya Rungwe au ya mwenye parachichi?

Kijana wa Ruanda: Wakuu, mimi niliuliza kuhusu vituo.

Mbarali Damu: Kaka, nijibiwe kwanza hilo la parachichi.